Vyeti Kumi na Kimoja Visivyo na Wenyewe

Jina langu la utotoni sitalitaja. Nasema mapema ili msomaji asije akafika mwisho akadhani nimesahau. Wajukuu zangu wamenibembeleza sana, mmoja aliwahi hata kuniletea kahawa na kashata bila kutumwa, nikajua papo hapo anatafuta nini. Hakupata kitu. Ninachoweza kusema ni kwamba lilihusu mvua na kuku mmoja, kwamba mama ndiye aliyenipa siku niliyozaliwa, na kwamba ni jina zuri sana kwa mtu anayetambaa.

Kwetu, upande wa mto Ruvuma, kijijini kwa wakulima wa korosho na muhogo, mvulana akienda jando hurudi na jina jipya. Lile la zamani linaachwa huko huko porini. Tangu siku hiyo, anayekuita kwa jina la utoto amekutukana, na si tusi la mchezo, analipa kuku. Mama mzazi naye haruhusiwi. Mimi nilipewa jina la marehemu babu, baba yake mama, na aliyenipa ni mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, ambaye kwetu ndiye mwenye mtoto hasa. Mama aliniaga kwa jina moja, na baada ya majuma kadhaa akapokea kijana mwenye jina la baba yake mwenyewe. Basi akawa ananiita "Baba", kwa adabu, huku anaangalia pembeni. Mimi nilijiona mkubwa mno. Sikumuuliza yeye alijionaje.

Ubaya ulikuwa mmoja tu: nilianza shule kabla ya jando. Mwalimu wa darasa la kwanza aliniandika kwa jina lile la mvua na kuku, kwa wino, katika daftari la mahudhurio. Nilipotoka jandoni, walimu, ambao wote walikuwa watu wa huku huku, hawakuona haja ya kufuta daftari la serikali. Walikuwa wanasoma jina la zamani kwa macho na kutamka jipya kwa mdomo, na walifanya hivyo kwa darasa zima bila kukosea. Mpaka leo nawastaajabia. Lakini hakuna aliyejiuliza siku ya cheti itakuwaje.

Siku ya cheti ikafika. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane, miaka michache baada ya Uhuru, na cheti kikaja na mhuri mzuri wa zambarau, na juu ya mhuri, kwa herufi kubwa zisizo na haya, lile jina. Mjomba hakujua kusoma. Alipapasa mhuri kwa kidole, akaniambia nimsomee. Nikasoma jina la babu bila kupepesa macho. Akaridhika, akasema serikali ina mkono mzuri.

Sasa niseme kwa nini cheti kile kilikuwa na uzito. Baba yangu alikwenda kukata mkonge ningali nanyonya. Alileta blanketi moja kwa mkono wa mtu, kisha kimya. Mjomba, ambaye hakuwa mtu mbaya, alikuwa ameamua kwamba kijana hakai nyumbani kuhesabu mikorosho. Msimu ukiisha sijapata kazi, nitapanda lori la wanaokwenda mkonge pamoja na wenzangu. Mama hakubishana na kaka yake. Aliniambia mimi tu, siku moja tunamenya muhogo, "Huko nimeshapeleka mmoja." Akaendelea kumenya. Nilijua nikipanda lile lori mama atabaki akiangalia barabara mpaka macho yamtoke, na nilijua pia kwamba kukata mkonge sitaweza, maana hata kuni nilikuwa nachagua nyembamba.

Ndipo tangazo likabandikwa kwenye mlango wa mahakama: ofisi moja ya serikali mjini Mtwara inataka makarani wawili, waliomaliza darasa la nane, wenye afya na mwandiko safi. Afya nilikuwa nayo ya wastani. Mwandiko nilikuwa nao wa kujivunia.

Kumbe mwandiko haukutosha. Mjomba alisikia kwamba barua ya kwenda serikalini lazima itungwe na mtu anayejua masikio ya serikali, na mtu huyo alikuwepo Mikindani: karani mstaafu, aliyekaa kwenye kibaraza cha nyumba ya mawe na meza yake ndogo. Alikuwa na barua moja tu maishani mwake, lakini alikuwa anaijua barabara. Wewe unakaa, yeye anafumba macho na kutamka, unaandika. "Mimi ni kijana mnyofu, niliyezaliwa katika familia maskini lakini yenye heshima." Nikaandika. "Sinywi, sivuti, wala sina makundi." Nikaandika. "Nikipewa nafasi hii nitaitumikia serikali kwa nguvu zangu zote, mchana na usiku, kiangazi na masika." Hapo mjomba alitikisa kichwa kwa furaha, ingawa ofisi ile, kama nilivyokuja kujua, ilikuwa inafungwa saa tisa na nusu.

Mwisho karani akafumbua macho akasema, "Sasa jina." Mjomba alikuwa amesimama nyuma ya bega langu. Nikaandika la babu, kwa herufi zilizopinda vizuri, nikalisoma kwa sauti ili asikie.

Majibu yalikuja baada ya majuma matatu. Jina la babu limeandikwa kwa mashine juu ya bahasha! Mjomba aliizungusha bahasha kijiji kizima. Nilitakiwa nifike saa mbili asubuhi kwa usaili, na nije na cheti halisi. Nilisoma mstari ule wa cheti kwa haraka kidogo.

Mpango wangu ulikuwa rahisi. Ningeingia ofisini peke yangu, nifunge mlango, nimweleze mkubwa taratibu, mwanamume kwa mwanamume, kwamba cheti kina jina moja na mimi nina lingine. Angeelewa. Mpango haukuwa na kasoro mpaka mjomba aliposema atanisindikiza. "Ntu haendi serikalini peke yake," alisema. "Wataona hana wenyewe."

Tulikwenda juu ya lori la korosho lililokuwa linapeleka magunia bandarini. Mjomba alivaa kanzu, na juu yake koti zito jeusi, akashika mwavuli, ingawa mawingu hayakuwepo hata ya kuonjesha. Shati langu jeupe, la kuazima, lilikuwa limefungwa ndani ya khanga ya mama lisipate vumbi. Tukateremka Chuno, mtaa wa pembezoni mwa mji, nikanawa uso bombani mbele ya akina mama waliokuwa wanachota maji, nikavaa shati, na mmoja wao akasema bwana harusi amechelewa. Viatu vilikuwa vya binamu, vidogo. Nilitembea nusu maili iliyobaki mpaka ofisini kwa kuchechemea, mjomba mbele na mwavuli, mimi nyuma na cheti.

Kwenye baraza ya ofisi tulikuwa vijana kumi na sita kwenye mabenchi mawili. Wachache walikuwa na wajomba zao. Nilikuwa nawajua wawili watatu kwa sura, wa vijiji vya huku na kule. Wote mashati meupe, wote tumekaa kama tunapigwa picha.

Akatoka tarishi. Mtu wa bara, mrefu, kaptula ya kaki imenyooshwa mpaka ina makali, na sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Akasema, "Vyeti!" akavikusanya vyote, akavipanga mkononi. Nilipoona changu kinaingia katikati ya rundo, nikainuka nusu, nikakaa tena. Mpango wangu ulikuwa wa mlango uliofungwa, na huyu bwana alikuwa anakwenda kuita majina barazani.

Alianza vizuri. La kwanza lilikuwa jina la ubatizo, kijana wa misheni, akainuka akaingia. La pili, kijana wa Mikindani mwenye jina la Kiislamu alilopewa siku ya saba, naye akaingia. Cheti cha tatu tarishi alikitazama, akakisogeza mbali na macho, akatamka jina ambalo mtu mzima hawezi kuwa nalo. Silitaji hilo pia. Mwenyewe bado yuko hai na ana mvi.

Hakuna aliyeitika.

Tarishi akarudia. Kimya. Akakiweka cheti chini ya rundo, akasoma kingine. Jina la aina ile ile. Kimya. Nikageuza macho kidogo kwenye benchi. Mmoja alikuwa anachunguza kucha zake. Mwingine alikuwa anasoma kwa makini kibao cha kuzuia kutema mate. Wa tatu alikuwa anafunga kamba za kiatu, na viatu vyake havikuwa na kamba. Ndipo nikaelewa, na niseme ukweli, nilifarijika sana. Nilidhani msiba ni wangu peke yangu, kumbe tumejaa benchi zima.

Kisha nikasikia jina langu.

Sikuwa nimelisikia kwa miaka sita au saba. Tarishi alilitoa kwa sauti yake ile ya kuvukia mto, likaenda mpaka barabarani, mwanamke aliyepita na kapu la samaki akacheka. Uso wote ulinishika moto. Mjomba aliruka pale alipokaa.

"Amesema nini huyu?"

"Sijasikia vizuri, mjomba."

"Amesema jina."

"Labda la mtu mwingine."

Mjomba akaniangalia muda mrefu. Kisha akaangalia cheti mkononi mwa tarishi, na mhuri wake wa zambarau, na nikaona anakumbuka siku ile nilipomsomea.

Tarishi alimaliza rundo, akaingia ndani, akatoka na mkubwa wa ofisi. Alikuwa kijana kuliko nilivyotegemea, mtu wa bara naye, miwani, kalamu tatu mfukoni. Akatuhesabu kwa kidole.

"Waliokuja kumi na sita," alisema. "Walioitika watano. Vyeti kumi na kimoja havina wenyewe, na vijana kumi na mmoja hawana vyeti. Nani atanieleza?"

Kueleza kungetaka mtu akiri kwamba moja ya majina yale ni lake.

"Mmevipata wapi vyeti hivi? Mmenunua? Mmeokota?" Miwani ilikuwa imemteremka puani. "Mtu anakuja serikalini na cheti cha mtu asiyekuwepo! Hii si kazi yangu tena, hii ni ya polisi." Akamgeukia tarishi. "Waite mara ya mwisho. Asiyeitika, cheti chake kipelekwe kituoni, na nafasi zote mbili zitatoka kwa hawa watano."

Tarishi akaanza upya. La kwanza, kimya. La pili, kimya. Wale wenzangu walikuwa wamekubali kufungwa, naapa. Mmoja alikuwa ameshaweka mikono nyuma.

Langu likaitwa.

Ningependa kusema niliwaza mambo makubwa. Niliwaza lori la mkonge, na mama akimenya muhogo huku hanitazami, na niliwaza kwamba mjomba yuko kulia kwangu na mwavuli wenye ncha ya chuma. Miguu ikasimama kabla sijaipa ruhusa.

"Naam," nikasema.

Sauti ilitoka nyembamba, ya mtoto hasa aliyekuwa na jina lile. Benchi lote lilinigeukia kwa mshangao, halafu mmoja akaguna, mwingine akaangua kicheko, na mara kicheko kikazagaa baraza nzima. Yule aliyefunga kamba zisizokuwepo akainuka, akasema, "Na lile la kwanza ni mimi." Baada ya hapo walisimama mmoja mmoja, kila mtu anainua mkono nusu na kutazama sakafu.

Mjomba hakucheka. Alisimama, akafungua mwavuli pale barazani kivulini, nadhani ili aonekane vizuri, akamwendea mkubwa wa ofisi.

"Bwana nkubwa, kijana wako huyu amewatukana watu kumi na mmoja. Wengine mbele za wajomba zao."

"Amewatukanaje, mzee?"

"Amewaita."

"Kwa majina yao!" alisema tarishi.

"Unaona? Anakiri."

Mkubwa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mjomba akamweleza habari za jando kwa kadiri zinavyoweza kuelezwa kwa mgeni, kisha akafika kwenye dai lake: kuku kumi na mmoja. Wajomba wengine wakaitikia kwamba ndivyo ilivyo. Mkubwa akasema serikali haina kuku. Mjomba akasema atasubiri. Akakaa benchini, na mwavuli wake umefunguliwa, na kwa saa nzima kila aliyekuja kulipia jambo au kuuliza jambo ilibidi auzunguke. Mwisho tarishi mwenyewe alitoka na kikombe cha chai ya maziwa, sukari imejaa, na maandazi mawili kwenye sahani ya mkubwa. Mjomba alivitazama kwa muda, akanywa, akala, akafunga mwavuli. "Serikali imekubali kosa," akawatangazia wenzake. "Kuku watafuata." Hawajafuata mpaka leo.

Mimi wakati huo nilikuwa ndani. Mkubwa alikuwa na barua zote kumi na sita mezani.

"Wote mmezaliwa katika familia maskini lakini yenye heshima," alisema. "Wote mtatumika kiangazi na masika. Sasa wewe. Barua inasema hivi, cheti kinasema vile. Mtu mmoja ana faili moja. Ukitaka hili la barua, nenda kwa hakimu ukaape, itangazwe, isubiriwe, urudi na karatasi. Nafasi hizi najaza juma hili."

Nikamuuliza kama hawezi kuandika yote mawili. Akasema mkaguzi atadhani anawalipa watu wawili.

Dirisha lilikuwa wazi. Nilikuwa naona ncha ya mwavuli wa mjomba. Jina la babu nililibeba kwa fahari tangu jandoni, na mwenye kunipa alikuwa amekaa hatua tano kutoka pale. Niliona uchungu, na niliona aibu, na niliomba kalamu.

Fomu ilitaka jina kamili. Sikuwa nimeliandika lile jina tangu darasa la pili, na mkono ulikuwa unalikumbuka kwa namna ya darasa la pili tu. Herufi zilitoka kubwa, zimelegea, moja imepanda mlima. Mistari mingine yote niliiandika kwa mwandiko wangu wa kujivunia. Mkubwa aliisoma fomu, akanitazama, akaisoma tena.

"Jina hili umeandika wewe?"

"Ndiyo, bwana. Ndilo langu."

Aliweka mhuri. Alikuja kuniambia miaka mingi baadaye kwamba alinichagua kwa sababu niliitika. Alihitaji karani ambaye akiitwa anakuja.

Safari ya kurudi mjomba hakusema nami. Lori zima, magunia matupu, jua la utosi, neno hata moja. Tulipofika nyumbani alisema na mama, nami nimesimama pale: "Huyu atoe kuku mmoja. Wale waliitwa, huyu aliitika." Mama alikwenda kukamata kuku, akamletea mkononi, hakuuliza bei ya kosa.

Na kazi nikapata. Nilifanya pale miaka mingi, nikiitwa kila asubuhi, mbele ya watu waliokuja na shida zao, kwa jina la mtoto anayetambaa, na "Bwana" mbele yake kwa heshima. Nilizoea, au tuseme niliacha kuona moto usoni kufikia mwaka wa tatu. Mjomba alikuwa akiulizwa habari zangu anajibu kwamba mpwa wake yuko mzima, ila kuna mtoto fulani anayemfanyia kazi mjini.

Lakini nataka kurudi kwenye barua ya kuajiriwa. Ilikuja nyumbani mchana, bahasha ya kahawia, na jina juu yake ndilo lile la fomu. Mjomba alipata habari kabla sijaifungua. Akasema kazi ni njema na amefurahi, lakini barua hiyo isisomwe kwa sauti katika uwanja wake. Akakaa nje, karibu na mlango, kuhakikisha.

Mama akanivuta ndani, akafunga mlango. "Nisomee polepole," akasema.

Nilianza kwenye habari ya mshahara na siku ya kuripoti, nikaruka mwanzo kwa sababu ya mjomba na kwa sababu yangu mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alishusha pumzi aliposikia ni Mtwara mjini, si mbali. Kisha akaweka kidole juu ya karatasi, pale juu kabisa. Hakujua kusoma, lakini alijua barua huanza na mtu.

"Hapa hukusoma."

Nikasoma, kwa sauti ndogo. Nje mjomba akakohoa.

"Tena," akasema mama.

Nikasoma tena. Alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, khanga imeshikwa mdomoni. Akauliza, "Serikali ndiyo imeandika hivyo?"

"Ndiyo, mama."

"Na ina mhuri?"

"Unao huu hapa."

Akautazama mhuri. Akatazama mlango, ambao mjomba alikuwa anakohoa nyuma yake kwa nguvu zaidi. Halafu akanitazama mimi, usoni, si pembeni, akaniita.

Nikaitika.